Ratili Thelathini

Tapani alipiga simu Alhamisi usiku:
"Baba, Jumamosi nakuja."
Miaka miwili nimeingojea sentensi hiyo,
nayo ikanipa siku moja na nusu
na pipa la bia iliyodorora
kama maji ya dimbwi.

Njia ya taratibu naijua.
Ratili kumi na mbili, friji, wiki mbili,
unafunga mlango, unasahau.
Ndivyo nilivyofanya siku zote,
na Aune hunicheka, ati mimi
hata kahawa naipa muda wa kujifikiria.
Subira huvuta heri, sikatai.
Lakini gesi husukuma,
na ndani ya Jumamosi hamna wiki mbili.

Nikashuka chumba cha chini.
Nje, Thunder Bay, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
theluji imepanda hadi nusu ya kidirisha.
Pipa lilikuwa limelala barazani usiku kucha, ndani ya blanketi
lisije likaganda,
kwa sababu bia baridi huinywa gesi
na bia vuguvugu huitema.

Nikafungua mtungi.
Nikakaza skrubu ya regyuleta
mpaka mshale ukasimama kwenye thelathini.
Nikapaka povu la sabuni kila kiungo:
panapochomoza kiputo, hapo pesa yako inatoroka.
Kimoja. Nikakaza.
Hakuna.

Kisha nikaketi kwenye kigoda cha kuvulia buti,
nikalilaza pipa mapajani,
nikalibingirisha, mbele, nyuma,
mbele, nyuma,
na gesi ikaingia ikikoroma
kama mtu aliyesinzia kanisani.
Mara ya mwisho kupakata uzito kama huu
alikuwa yeye, ana miaka sita,
mguu umefungwa plasta,
ananiuliza kama mfupa huumia gizani.

Dakika kumi. Mkoromo ukafifia.
Pipa limeshiba.
Nikavuta pete ya kifuniko, likapiga chafya,
nikashusha mshale hadi kumi na mbili.
Glasi ya kwanza, povu tupu.
Ya pili, povu na ahadi.
Ya tatu ilikuwa rangi ya shaba,
viputo vinapanda mmoja mmoja
kama watu walioitwa majina.
Nilijisifu. Peke yangu, lakini nilijisifu.

Ijumaa, saa nne asubuhi, akapiga tena.
"Baba, kuna kitu sikusema."
Nyuma yake nilisikia basi likinguruma.
"Nina siku tisini na moja."

Sikuuliza siku tisini na moja za nini.
Maneno mengine huja na povu lake,
unaliacha litulie.
Nikasema, "Vizuri."
Nikasema tena, "Vizuri."
Ndiyo lugha yote niliyorithi kwa baba yangu.

Lorne Koski akaja kuliburuta pipa juu ya theluji
hadi kwake. Hakuuliza kitu,
jambo ambalo si kawaida yake.

Nami nikachukua pipa la pili,
nikaliosha mara mbili, halafu mara ya tatu,
nikainusa mipira, nikaibadilisha,
mpaka hopsi zikahama kabisa.
Nikalijaza maji ya bomba,
na chupa tatu za maji ya zabibu pori
ambazo Aune alikuwa akizifichia Pasaka.
Aliona. Akanisogezea ya nne.

Baridi tena. Sabuni tena. Thelathini tena.
Kigoda, mapaja, mbele, nyuma.
Gesi haikuuliza kilichomo ni nini.
Iliingia vilevile, kwa mkoromo uleule,
nami sikuhesabu dakika.

Jumamosi alisimama jikoni, koti bado mwilini,
amekonda, ndevu zina barafu.
Nikampa glasi. Akainusa kwanza,
na mimi nikatazama ukutani.
Akanywa. Akakohoa. Viputo vikamtoka puani.

"Imezidi," akasema.

Kweli. Nilibingirisha mno.